Laurence Anakwenda Nje

"Nyosha mikono," Méthode alisema, na binti yake Laurence akainyosha. Koti lilimfika magotini. Lilikuwa zito, lenye manyoya shingoni, la mtumba kutoka soko la Mpanda. Ilikuwa mchana wa Oktoba, na joto la Katumba lilikuwa limewakimbiza hata kuku kivulini.

Laurence alitokwa jasho kimya kimya. Baba yake akamzunguka, akaridhika.

Miezi michache nyuma alikuwa akimgombeza huyu huyu kwa kuchafua ukuta wa bani la kukaushia tumbaku kwa mkaa, akichora watu na ng'ombe badala ya kupanga majani. Kisha chuo cha sanaa kikampokea, tena cha nje ya nchi. Hapo Méthode akagundua kwamba kipaji kile kimetoka upande wake.

Alimuuliza mambo mawili tu. Huko wanafundisha kwa lugha gani? Kifaransa. Baridi ipo? Ipo kidogo, mji uko milimani. Hakuhitaji la tatu. Jioni hiyo hiyo kijiji kizima kilijua kwamba Laurence anakwenda Ufaransa.

"Baba, kuhusu huko ninakokwenda," Laurence alianza siku moja, lakini Méthode alikuwa ameshafika kwa jirani, anasimulia habari za theluji. Jirani huyo, Onesphore, akatoa salamu zimfikie mdogo wake aliye Kanada, kwa kuwa huko ughaibuni wote ni majirani. Kanisani waliombea ndege isitikisike hewani. Méthode mwenyewe alianza kula ugali kwa uma ili binti aone mfano.

Aliyemtia wasiwasi ni mama yake mzazi, Bibi Générose. Bibi alikuwa akimfundisha mjukuu kupokea kitu kwa mikono miwili na kutomkazia macho mkubwa. Méthode akamweleza mama yake kwa upole kwamba Wazungu hawana mambo hayo. Bibi akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Mzee anaogopa kuachwa, Méthode aliwaza, akamwonea huruma.

Alfajiri ya safari wote watatu walifika stendi ya Mpanda. Méthode akabeba begi moja kwa moja hadi basi la Dar es Salaam, akamwagiza kondakta aliweke mahali pazuri maana linakwenda Paris. Laurence akalichukua taratibu, akalipeleka kwenye basi la Kigoma.

"Mwanangu, ndege za Ufaransa haziko Kigoma."

Laurence akainamisha kichwa, akamtazama bibi yake. Méthode aliona wazi kwamba binti ameogopa, ameghairi, na kwamba yeye atarudi Katumba kuwakabili wale wote waliofunga na kuomba.

"Ndege hapandi," Bibi Générose alisema, akimshika mjukuu bega. "Anakwenda Gitega, Burundi. Njia hiyo mimi niliitembea kwa miguu nikikimbilia huku, wewe ukiwa tumboni."