Jiwe la Mume wa Kwanza

Mji ule ulikuwa na desturi moja: bwana harusi hubeba jiwe lenye jina la mkewe hadi kileleni mwa kilima.

“La marehemu lilikuwa kubwa kuliko hilo,” Nakundwa alimtania Mbonea asubuhi.

Utani ule ulimchoma njia nzima. Kileleni akalikuta jiwe la yule mume wa kwanza, jina la Nakundwa limekolezwa rangi mbichi.

“Kumbe bado anakuja kulipaka!”

Akalitia bega, akalisukuma mpaka likang'oka, likaanza kubingirika. Hapo ndipo alipoiona nyumba yao, chini ya mteremko uleule, na mkewe uani akianika nguo.

“Nakundwa! Kimbia!”

Upepo ukaimeza sauti. Nakundwa aliinua uso, akampungia mkono.