Tangazo la Mwizi wa Ng'ombe Sita

Ijumaa asubuhi Dalmas Owino alikuta pini nne tu kwenye ubao wa lango la chuo. Tangazo lake halikuwapo.

"Polisi walilibandua juzi," mwanafunzi mwenzake, Achola, akamwambia. "Kwani hujasikia? Jana wamemshika mtu kule Elburgon."

Dalmas akazitazama tena zile pini nne.

Tangazo lile lilikuwa zoezi la kwanza la mwaka wa kwanza, katika chuo kimoja cha ufundi mjini Nakuru, mwaka wa 1956. Mwalimu Darweshi, ambaye mkono wake ulikuwa umeandika nusu ya vibao vya maduka ya mji, aliwataka wachore tangazo ambalo mtu wa baiskeli angelisoma bila kushuka. Maneno machache, herufi nene, picha moja.

Wenzake walichora sabuni na majani ya chai. Dalmas akachora mwizi. Juu aliandika ANATAFUTWA kwa rangi nyekundu, chini yake akaweka uso aliouzua mwenyewe: masikio mapana, jicho la kushoto limelegea, pengo mbele. Kisha, karatasi isije ikabaki tupu huko chini, akaongeza: AMEIBA NG'OMBE SITA WA MZEE KIPRUGUT. Hakumjua Kiprugut yeyote. Alipenda tu jinsi ile K ilivyosimama.

Darweshi alimpa tisa juu ya kumi, akalitundika langoni watu waone.

Sasa Dalmas alimwendea mbio. "Mwalimu, kuna mtu atafungwa kwa sababu yangu!"

Darweshi akaweka brashi chini. "Basi nenda ukaseme, mwanangu. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu." Akamwandikia na barua ya kumshuhudia.

Kituoni, Dalmas alisimama mbele ya Sajenti Kiplangat, akampa barua. Tangazo lake lilikuwa ukutani, limenyooshwa vizuri kuliko lilivyokuwa chuoni. Akaeleza yote, zoezi, masikio, jicho, mpaka ile K. Alikuwa tayari kwa kofi. Alikuwa tayari hata kulala ndani yeye, bora yule mtu aende kwake.

Sajenti aliisoma barua polepole, akaikunja. Wala hakukasirika.

"Kwa hivyo huyu mtu hayuko?"

"Hayuko, afande. Nilimtunga."

"Na ng'ombe?"

"Hata ng'ombe hawako."

Kiplangat akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa wa homa.

"Kijana, umechelewa. Yeye amekiri tangu jana jioni, na ng'ombe tumewapata, wote sita." Akachungulia dirishani. "Mzee Kiprugut mwenyewe ndiye huyo hapo nje, anawaswaga nyumbani."