Kisanduku cha Zaituni

Siku hizo mtu alikuwa pale simu yake iliposema yupo, na simu ilijua kwa kusikiliza visanduku vya intaneti vya majirani. Bi Mwanakheri hakuwa na majirani tena. Wote walikwishahama Magoma. Kilichobaki ni kisanduku kimoja tu, alichorithi kwa marehemu dada yake, Zaituni wa Tanga. Kisanduku hicho kilikuwa bado kimeandikishwa kwa anwani ya Tanga, basi simu ikashikilia kwamba yuko Tanga, kwa Zaituni.

Hakujali, mpaka mwanawe Badru aliporudi kutoka ughaibuni. Bi Mwanakheri alipika wali wa nazi, akatandika mkeka, akangoja. Simu ikalia.

“Mama, nipo mlangoni. Mbona hufungui?”

“Hapo ni kwa marehemu mama yako mkubwa! Mimi niko Magoma. Njoo, ukifika penye mashine ya kusaga, kata kushoto.”

“Gari linajiendesha lenyewe kwa kufuata simu yako, halijui mashine ya kusaga, Mama. Linajua umo humu ndani.”

Bi Mwanakheri akikizima kisanduku, simu itasema hayupo popote. Akakiacha.

“Hodi!” Badru aligonga mlango wa Tanga. “Hodi, Mama!”

Bi Mwanakheri aliutazama wali ukipoa.

“Karibu, mwanangu,” akaitikia kwenye simu. “Karibu ndani.”