Mlango wa Funguo Mbili

Kofi la pili Koplo Maige aliliwahi hewani, akaushika mkono wa Luhaga na kumrudisha kwenye benchi.

"Humu kituoni hapigwi mtu, mzee. Kaa."

Luhaga alikaa, lakini macho hakuyatoa kwa Akelo, dobi wake. Saa moja iliyopita duka lake la kufulia nguo pale Kirumba lilikuwa limeungua chumba kizima cha nyuma, na yeye hakuwa na shaka hata chembe kuhusu nani aliyelichoma.

"Mwulize habari ya funguo, afande. Funguo tu."

Mlango wa nyuma ulikuwa na funguo mbili: mmoja wa mwenye mali, mwingine wa dobi. Majirani waliouvunja ili wazime moto waliukuta umefungwa, na madirisha yote yana nondo. Wa tatu wa kuingia hakuwepo.

Kwanza Koplo alikuwa ameishuku mashine ya kukaushia. Luhaga aliiagiza kutoka ng'ambo, kuukuu, mara tu serikali iliporuhusu watu kuagiza mali nje, akaipenda kuliko watoto wake. Mashine za namna hiyo huungua kwa sababu ya manyoya ya nguo yanayojazana kwenye chujio mpaka yakashika moto. Koplo akaenda kuikagua mwenyewe. Ilikuwa chumba cha mbele, haijababuka hata rangi. Chujio safi, bomba la hewa safi. Isitoshe, umeme ulikuwa umekatika saa sita kwa ajili ya mgao, na moto ulionekana saa tisa.

"Chujio nalisafisha kila mzigo ukitoka," alisema Akelo. "Hata akinitukana."

"Natukana uvivu!" Luhaga alifoka. "Makoti ya kiwanda cha minofu ya samaki yakitoka kwenye mashine, huyu anayatandaza mezani eti yapoe. Nguo ni uji? Leo nimemsimamia mwenyewe. Yametoka ya moto, tumekunja, tumefunga kamba, basi. Mafurushi kumi na mawili. Sita nikapakia kwenye pikapu niyawahishe kiwandani, sita nikayaacha chumba cha nyuma. Kanuna huyo! Nilipogeuza mgongo tu, akawasha."

"Yalikuwa bado yananuka sangara, afande. Mafuta hayajatoka. Nilimwambia tuyarudie kwa maji ya moto na sabuni, akasema Mwanza nzima inanuka sangara, nisimmalizie sabuni."

"Unamsikia? Chuki hiyo!"

Chuki ilikuwepo, wala Akelo hakuificha. Alimchukia Luhaga kwa moyo wake wote. Mzee huyo alikuwa amemrudisha kazini akiwa na wiki tatu tu tangu ajifungue, akamwambia anayetaka kulea akalee kwao. Sasa blauzi ilikuwa imelowa maziwa kifuani. Mtoto, Princess, alikuwa kwa jirani tangu asubuhi, na leo ilikuwa Ijumaa. Akilala mahabusu leo, hatoki kabla ya Jumatatu. Hilo ndilo lililomtisha, si kofi.

Basi naye akatupa jiwe lake.

"Mwulize bima ya lile duka kaikata lini."

Koplo aligeuka polepole.

"Mwezi uliopita," alisema Luhaga. "Ni kosa?"

"Saa tisa ulikuwa wapi?"

"Getini kiwandani. Nilipata pancha mbili njiani, ndiyo maana nikachelewa. Walipokuja kuniambia duka linaungua, nikageuza gari. Mzigo wenyewe bado upo hapo nje, kaangalie."

"Mlinzi wa geti alikuona?"

"Alikuwa amelala."

Akelo alicheka, kicheko kibaya kisicho na furaha. "Pancha mbili, na mlinzi kalala! Umelichoma mwenyewe, mzee, halafu unataka mimi nikafungwe!"

Luhaga alimrukia tena. Koplo akawatenganisha, akashusha pumzi. Watu wawili, funguo mbili. Mmoja alikuwa mfanyabiashara anayefahamika mpaka kwa mkuu wa kituo. Mwingine alikuwa mwanamke mwenye kandambili zilizounganishwa kwa waya. Koplo Maige hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na woga, na woga wa namna hiyo umewafunga wengi. Akavuta daftari.

"Mama, vua viatu. Acha na kitenge hapa mezani."

"Afande, mtoto wangu ananyonya."

"Ataletwa."

"Na nani?"

Koplo alikuwa ameshaanza kuandika. Akelo alivua kandambili, akafungua kitenge kiunoni, akakikunja vizuri kwa mazoea ya kazi. Luhaga alimtazama mpaka mwisho, kisha akatabasamu.

"Ukaozee huko," alisema.

Ndipo sauti ya Getruda, askari wa zamu nje, ikasikika dirishani. "Afande! Pikapu ya huyo mzee! Inatoa moshi!"

Luhaga aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Wenzake hao! Nimesema ana wenzake! Wananimaliza!"

Wote wakatoka mbio, hata Akelo, miguu mitupu. Pikapu ilisimama peke yake katikati ya uwanja wa kituo, imezimwa, na moshi mwembamba wa kahawia ukipenya chini ya turubai.

"Nani kaisogelea?" Koplo aliuliza.

"Hakuna," alisema Getruda. "Nimesimama hapa na bunduki tangu mzee alipoiegesha."

Kamba za turubai zilikuwa bado na mafundo ya Luhaga mwenyewe. Koplo alizikata kwa kisu, akavuta furushi la juu, akalifungua juu ya boneti. Makoti ya nje yalikuwa meupe, yamekunjwa vizuri. Akafunua la pili, la tatu, la nne, kila moja la moto na la kahawia kuliko lililotangulia, likinuka mafuta ya sangara yaliyoungua. Na la tano, lilipopata hewa, likawaka mikononi mwake.