Mimi Nani?

Siku hizi kila ukoo una mthibitishaji mmoja. Akikukubali mara moja, milango yote inakufungukia, ya kazini na ya nyumbani. Akikukataa, hata jiko lako halikujui. Kwa kina Shekuwe mthibitishaji ni dada mtu, Salha, ambaye na wifi yake Mwanamvua hawapikiki chungu kimoja.

Mtoto alipolia chumbani, Mwanamvua aligusa mlango. Ukagoma, ukaiita simu ya Salha, aliyejaa kwenye kochi akitafuna karanga.

“Nani?”

“Mimi.”

“Mimi nani?”

“Usinichezee, wifi! Mke wa kaka yako.”

Salha akatema ganda. “Kaka kaoa jana. Mkewe nimeshamsajili.”

Nyuma ya mlango, sauti ngeni ikaanza kubembeleza. Mtoto akanyamaza.