Sare ya Kwaya

Saa nne na dakika kumi asubuhi, picha ya jalada la albamu ilikuwa kwenye kompyuta ya Atuganile, mpiga picha wa ziara ya bendi ya roki. Mwimbaji ameruka, yuko hewani. Nyuma yake, katikati ya mashabiki wa Tunduma, mama mzazi wa Atuganile anapiga vigelegele akiwa amevaa sare ya kwaya ya kanisa.

Atuganile alimpigia mama yake simu.

“Mama, wazee wa kanisa wakiiona watakutenga. Nikufute kwenye picha?”

“Nimetokaje?”

“Mdomo wazi, kilemba kimekuangukia shingoni.”

Mama alicheka. “Usinifute, mwanangu. Niko kanisani, na wazee ndio hao wanaingia kikaoni. Nitawaambia mwenyewe.”

Hakukata simu. Atuganile alisikia benchi likiburutwa, kisha sauti ya mama yake: “Wazee wangu, kabla hatujaomba, nina neno.”