Treni Isiyochakaa

Sheria ilikuwa fupi: dereva hustaafu siku treni yake inapostaafu. Kwa hiyo Tadokoro, mwenye miaka sabini na minne, bado aliendesha treni ya umeme iliyobeba wafanyakazi wa Osaka tangu ujana wake. Ilikuwa treni ya kusifiwa. Mabehewa yake yalikuwa hayajashika kutu, na milango yake ilifunguka bila kelele. Madereva waliopewa treni dhaifu walikuwa wamestaafu zamani. Walikuwa nyumbani wakipalilia vitunguu.

Jioni ya ukaguzi wa treni, mkewe Fumie alimpokea mlangoni.

“Imefeli?”

“Imefaulu. Imeongezewa miaka kumi.”

“Ungesema breki zinachelewa kushika, mume wangu. Neno moja tu!”

“Nilizijaribu mwenyewe. Ilisimama pale pale, kwenye alama ya kusimamia. Ningeisingiziaje?”

Alinyoosha kidole hewani, kana kwamba alama hiyo iko mbele yake, kama madereva wanavyozoea kuonyesha kila taa ya njiani. Kidole kilitetemeka.

“Na wewe, nani anakukagua?”

“Sheria haina ukurasa huo,” alisema Tadokoro.

Fumie aliushika mkono wake mpaka ukatulia. Kisha akamwacha akalale, kwa kuwa alfajiri abiria elfu moja wangemsubiri.